Palipokauka

"Usinielekeze," mama alisema. "Mikono yangu bado inaona."

Binti akamwachia nafasi mezani. Tangu mazishi ya baba, mama hakuwa amekanyaga karakana hii nyuma ya makumbusho, ambamo binti yake huyakwangua mawe kwa sindano na brashi mpaka viumbe wa kale watokeze. Baba alikuwa mhubiri. Kila mwaka alipanda mimbarini na kombe la chaza aliloliokota mlimani, akalinyanyua juu: gharika ilifika mpaka kule! Siku ile wakirudi kutoka makaburini, binti, kwa kimbelembele chake, aliwaambia wageni kwamba mlima ule ulifunikwa na bahari mara nyingi, si mara moja. Mama aliona mumewe kazikwa mara ya pili. Tangu hapo zikabaki salamu za simu, tena za shingo upande. Binti alimkumbuka mama mno, hata kelele zake.

Leo mama kaja mwenyewe, bila kusema kwa nini.

Mezani palikuwa na bamba la jiwe lililokatwa ubavuni. Chini makombe, juu makombe. Katikati, tope lililogeuka jiwe, limejaa nyufa. Mama, mfinyanzi tangu usichana wake, alipitisha kidole ndani ya ufa mmoja, akakirudisha tena.

"Umezichonga wewe?"

"Hapana, mama. Nimefuta vumbi tu."

"Usinidanganye. Nimekula chumvi nyingi mimi."

"Haki ya Mungu."

Vyungu vyake vingapi vimepasuka vikianikwa, naye akilaani jua! Udongo ulio majini haupasuki. Hilo alilijua kabla binti huyu hajazaliwa.

"Palikauka," alisema polepole. "Halafu maji yakarudi."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo baba yako alikuwa mwongo?"

"Hata kidogo! Lile kombe ni la baharini kweli. Aliona sawa. Natamani ningemwonyesha jiwe hili."

"Angekubishia mpaka jua lizame."

"Najua. Ndicho ninachokitamani hasa, mama. Anibishie."

Mama alicheka, machozi yakimlengalenga. Akatazama huku na huku, akavuta kiti kwa mguu, akaketi karibu kabisa na meza. Kidole chake kilikuwa bado ndani ya ufa. Akakohoa kidogo, kikohozi kizito kile cha baba mimbarini.

"Haya, binti yangu," alisema. "Hayo maji ya kwanza yalikwenda wapi?"