Rangi Kabla ya Selestini Kurudi

Rangi ile alinipa Walter fundi, ilipobaki kwenye kopo baada ya kumaliza zahanati ya kijiji. Si buluu, si kijani. Imekolea kana kwamba wino umemwagikia majani ya mhogo. "Ipake chumbani, Mama Emilia," alisema. "Baba Emilia akirudi adhani amekosea nyumba."

Nilicheka. Selestini, mume wangu, alikuwa utingo kwenye lori lililopeleka unga mpakani, Ruvuma, ambako Wareno walikuwa wakitega mabomu njiani. Alikuwa amechelewa kurudi, na watu wa Kitangari walianza kuniuliza habari zake kwa sauti ya chini. Nikaona kukaa na kungoja kutaniua. Bora nimwandalie chumba.

Nilikuwa nimemaliza kuta tatu, Emilia, aliyeanza kutembea juzijuzi, akining'ang'ania kanga, alipotokea mlangoni mama mkwe, Bibi Dominika. Katoka Chilangala kwa miguu, kapu la kunde kichwani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliutazama ukuta. Kapu likaanguka, kunde zikasambaa hadi miguuni kwangu. Akaketi palepale chini, akavuta kanga usoni, akalia: "Selestini. Selestini mwanangu."

Brashi ilinitoka mkononi. Kumbe habari zimefika Chilangala, nikawaza, naye katumwa kuja kuniambia. Sikuuliza kitu. Nikaanguka kando yake, nikalia hadi masikio yakaziba. Majirani wakaja wamejitanda kanga, wakatandika mikeka uani.

Jirani yangu Somoe ndiye aliyeuliza, "Mama Emilia, nani kaleta habari?"

"Mama," nikasema.

Bibi Dominika akafunua uso. "Mimi? Mimi nimeleta kunde."

Nikamgeukia.

"Sasa ulikuwa unalia nini, mama?"

Akanyoosha kidole ukutani. "Mume yuko kwenye mabomu, mke anapamba nyumba? Kwetu kuta haziguswi mpaka arudi. Zikiguswa kabla, basi matanga yameshaondolewa. Nikasema, wamemzika mwanangu bila kuniita."

Mwiko huo niliambiwa nilipoolewa. Lakini nilidhani ni wa kukandika udongo. Kopo la dukani, lenye maandishi niliyojivunia kuyasoma tangu nianze kisomo cha jioni, sikudhani nalo limo.

"Na rangi yenyewe hii," akasema, "hata marehemu angeshtuka."

Somoe akaficha kicheko ndani ya kanga.

Hapo ndipo tuliposikia mfuko ukidondoka uani. Selestini alikuwa amesimama katikati ya mikeka, vumbi hadi kwenye nyusi, akiwatazama wanawake waliojitanda.

"Emilia," alisema. "Emilia yuko wapi?"

Wanawake walimkodolea macho kama mzuka. Emilia mwenyewe ndiye aliyetoka ndani, akapepesuka mpaka kwa baba yake, akamshika suruali kwa viganja viwili vya rangi.

Selestini akapiga magoti, akavishika vile viganja.

Bibi Dominika akamwendea, akampapasa uso, masikio, mabega. Kisha akarudi ndani, akaokota brashi, akatoka nayo, akamtilia mwanawe mkononi.

"Ukuta wa nne ni wako," akamwambia. "Upake sasa hivi, watu hawa wakuone."