Mikono Iliyoganda Kwenye Simu

Mama Vifungo alikuwa fundi cherehani, na kama kuna neno lililomchefua kuliko sindano butu, basi ni "karibuni". Kampuni ya simu ilitundika bango mbele ya duka lake tangu mvua zilizopita: INTANETI YA KASI MPYA, KARIBUNI! Mvua zikaisha, zikaja nyingine, yule msichana wa kwenye bango akapauka akabaki meno matupu, na kasi yenyewe wala harufu yake haijasikika.

Wenzake walilalamikia mpira na filamu. Yeye alikuwa na lake. Mdogo wake, aliyeolewa mbali, alikuwa kiziwi tangu utotoni. Shule hakupelekwa, kusoma hajui. Walichokuwa nacho ni lugha ya mikono waliyoitunga wenyewe wakiwa wadogo, wakilala kitanda kimoja. Ili waongee, lazima waonane. Kule kwa mdogo mtu mtandao ulishakaa sawa. Huku kwake ulisuasua, na ukisuasua mikono huganda hewani.

Asubuhi hiyo alikuwa akishona sare za shule simu ilipowaka. Mdogo wake akatokea, uso umelowa machozi. Akajigusa kifua: mimi. Akaweka kiganja tumboni. Akanyanyua mkono wa pili, na hapo hapo picha ikaganda.

"Tumboni kuna nini? Wamekupasua?" Mama Vifungo alikiuliza kioo kwa mikono, kisha kwa sauti, kama vile kioo ndicho kiziwi.

Akapiga tena. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Akampigia shemeji yake, dereva wa lori: hapatikani. Akatoka nje, akapanda juu ya kiti, akainua simu.

"Izime halafu uiwashe, Mama Vifungo," muuza magazeti wa jirani akamshauri.

"Nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu!"

Akiwa pale juu ya kiti ndipo alipomwona mtu mwenye kofia ngumu kwenye paa la ghorofa la ng'ambo, ulipo mnara. Alivuka barabara na utepe wa kupimia ukipepea shingoni. Mlinzi akamzuia ngazini.

"Mama, juu wanaruhusiwa mafundi tu."

"Kwani mimi ni nani, mganga? Mimi si fundi?" Akampita, akapanda ngazi.

Juu alimkuta yule mwenye kofia ngumu, kumbe ni binti, amekaa karibu na mitambo, kompyuta mapajani.

"Mwanangu, nina swali moja. Lini?"

"Karibuni, mama."

"Rudia neno hilo nikushone mdomo."

Binti alitaka kucheka, lakini alipomtazama usoni akaacha. "Kuna nini, mama?"

Mama Vifungo akamweleza yote kwa pumzi moja. Binti akatupa jicho kwenye ngazi, akatoa simu mfukoni. "Leo tunajaribu mitambo. Inashika kwa simu hii tu. Sitakiwi kumpa mtu, fanya upesi."

Mama Vifungo akabonyeza namba. Mdogo wake akapokea, picha safi mpaka kovu la kwenye nyusi likaonekana. Naye alikuwa amekasirika. *Mbona umenikatia?*

*Sikukata! Tumbo lina nini?*

Mdogo wake akarudia polepole: mimi, tumbo, kisha kidole kidogo kikafumbatwa ndani ya ngumi. Mtoto. Baada ya mimba mbili kuharibika na majirani kuchoka kuuliza, mtoto.

*Sasa unalia nini, umenitoa roho!* Mikono ya Mama Vifungo iliruka hata binti akasogea nyuma.

*Furaha, mjinga wewe.* Kisha mdogo wake akatulia. *Manesi hawajui mikono yangu. Nikienda kujifungua, miezi sita ijayo, uwe kwenye simu, uwaambie ninachosema.*

Mama Vifungo aliitikia kwa kichwa. Alipomrudishia binti simu, macho yalikuwa yakimwasha.

"Miezi sita ijayo. Mtakuwa mmemaliza?"

"Mpango unasema mwezi ujao. Ila kuna vibali, kuna umeme, kuna wakubwa..."

"Mpango sijauliza."

"Sijui, mama. Ukweli, sijui."

Jibu hilo lilimuudhi kuliko yote, lakini angalau lilikuwa jibu. Akashuka, akamwambia kila aliyekuja kushonesha kwamba mwezi wa mdogo wake kujifungua duka litafungwa. Atapanda basi, akasimame mwenyewe kando ya kitanda, manesi wapende wasipende. Roho ya mdogo wake haiachiwi kiduara.

Hata hivyo, jioni akifunga duka, alijikuta akiuombea mnara ule huku anautukana. Baada ya uzazi atarudi huku dukani, si atarudi? Na mtoto atakua kule mbali, atajifunza kusema kwa vidole vyake vidogo, na yeye, mama yake mkubwa, alitaka kuviona vikisema neno zima, mwanzo hadi mwisho.