Cherehani Inaumwa Nini kwa Kiingereza

Shangazi alikuwa na siku nne, sare arobaini za wauguzi, na cherehani inayolia. Maji yalikuwa shingoni. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa mbali, nacho kilitaka barua ya Kiingereza: eleza hitilafu kwa sentensi moja. Wasipoelewa, cherehani ipelekwe kwao, mwezi mzima. Na wauguzi wangetafuta fundi mwingine, hilo halina mjadala.

Basi akamwita mpwa wake, mwalimu wa Kiingereza, naye akaandika harakaharaka: *The machine makes a bad noise.* Akaweka nukta, kazi imekwisha. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake, na mwalimu yule hajawahi kushona hata kifungo.

"Umesema nini hapo?" akauliza shangazi.

"Mashine inapiga kelele mbaya."

"Hata mumeo akikoroma anapiga kelele mbaya. Hapo watajua nini?"

Mwalimu akacheka, lakini likamwingia. Akafuta. Akaandika *grinding*, akaeleza kuwa ni sauti ya kusaga. Shangazi akakanyaga pedeli, wote wakatega sikio. Haisagi hii. Mwalimu akajaribu *knocking*, ya kugonga mlango. Hapana, hii inagonga kidogo tu, kwa ukucha. Mwalimu akaandika *clicking*, akalisema mara mbili. Shangazi, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, akatikisa kichwa kukubali. "Ndilo hilo."

Kumbe ndiyo kwanza kunakucha. Sasa mwalimu alitaka kujua: inalia lini? Kila mara? Shangazi hakuwahi kujiuliza. Siku zote hizo alikuwa akiogopa tu. Akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Ikalia. Akazungusha tena. Ikalia palepale, sindano inapofika chini kabisa.

"Andika hivyo," akasema, kisha akasita. "Hebu ngoja. Huku chini kuna nini?"

Akafungua kifuniko cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaingiza kibano, akatoa ncha ya sindano iliyovunjika, ndogo kuliko punje ya mchele. Akakanyaga pedeli. Kimya, na mshono ukanyooka. Shangazi akalia waziwazi, wala hakuona haya.

Mwalimu akaanza kukunja karatasi. "Hii haina kazi tena, shangazi."

"Inayo, mwanangu. Imalizie, na useme ncha tumeikuta wapi, kiwanda kipate kuwaambia wengine. Kuna mwenzangu mahali anaisikia sauti hii hii, na ameshakata tamaa."