Mpira wa Ushindi na Roho ya Odom

Msimu ule Nyundo wa Toledo, timu ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa nusu timu. Ulinzi wao ulikuwa ukuta. Timu ya kuwafunga pointi ishirini ilikuwa bado haijazaliwa. Lakini mashambulizi? Aibu tupu! Mtupaji wao, yaani kiongozi wa mashambulizi, Brody Lindqvist, kijana mwenye tabasamu la matangazo ya dawa ya meno, aliwarushia wapinzani mpira kama anagawa pipi. Walinzi wakiupora wanampa, anaupoteza, wanarudi kuupora tena.

Na kila wakishinda, kwa taabu, Kocha Pruitt alisimama katikati ya chumba cha kubadilishia nguo na mpira wa mechi mkononi, amtunuku aliyeng'ara. Nani? Brody! Eti ametulia.

Thaddeus Odom, nahodha wa ulinzi, magoti yote mawili yamepasuliwa, hakuwahi kutunukiwa hata mara moja. Alipiga makofi huku roho ikimuuma.

"Sisi tunavunjika mbavu, yeye anatunzwa," alimnong'oneza Lamar, mlinzi mwenzake.

"Achana na dogo, mzee. Ushindi ni wetu sote."

"Wetu sote? Mbona picha iliyobandikwa getini ni yake peke yake?"

Ikaja mechi ya mwisho, theluji imetanda uwanjani. Wakishinda, wanaingia mchujo. Wakishindwa, kila mtu kwao. Odom alijua magoti yale hayatampa msimu mwingine. Akajiapiza: leo mpira wa Kocha naondoka nao mimi, apende asipende.

Ikabaki chini ya dakika moja, Nyundo wanaongoza kumi kwa sita, wapinzani wana mpira. Mtupaji wao akarusha. Odom akaruka, akaudaka! Uwanja ukalipuka. Kazi ilikuwa imekwisha. Alichotakiwa ni kujilaza tu kwenye theluji, mpira ubaki kwao, muda umalizike. Hilo hata watoto wa Toledo wanalijua.

"Lala chini!" Lamar alipiga kelele. "Lala, mzee, lala!"

Alisikia. Haki ya Mungu, alisikia vizuri. Lakini mbele yake aliona uwanja mweupe, hauna mtu. Nikilala, akawaza, Kocha atampa Brody. Nikifunga, nani ataninyima?

Akakimbia. Kwa magoti yapi, jamani? Jitu moja likamfikia kwa nyuma, likampiga mkono, mpira ukachomoka. Mpinzani akauokota, akatimua mbio hadi mwisho wa uwanja, akafunga pointi sita: kumi na mbili kwa kumi. Msimu wa Nyundo ukafia hapo.

Wakarudi chumbani. Odom alijifunika taulo kichwani, anangoja matusi. Waandishi wakaingia na kamera zao. Akainuka, akajikaza kusema kosa ni lake. Angalau leo watamtazama yeye.

Wakampita. Brody alikuwa ameshaanza kuongea, machozi yanamlengalenga.

"Msimlaumu mzee Odom, tafadhali. Kosa ni langu. Ningefunga pointi za kutosha, asingelazimika kukimbia vile."

Waandishi wakatikisa vichwa kwa huruma. Kiongozi gani huyu! Kocha akamshika Brody bega, akamvuta kifuani.

Odom akaketi taratibu.

"Lamar, umemsikia?" akasema. "Hata kosa langu kanipora."