Doa Jeusi kwenye Lenzi ya Baba

Mdogo wangu wa kike ni mpiga picha, na anaamini kwamba kitu chochote kikizungushwa vya kutosha kitaingia. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Kazi yangu ni kumwambia kwamba hakitaingia.

Jumatatu alikuja karakana na soksi ya marehemu baba. Ndani yake mlikuwa na lenzi ya shaba iliyotengenezwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Baba aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, akaitumia maisha yake yote katika studio yake ya chumba kimoja. Alipofariki hatukuiona tena. Kumbe miaka yote kumi na mmoja ilikuwa imelala kwenye sanduku la nguo za baridi.

"Unakumbuka Mama alisemaje," dada akaniambia.

Nilikumbuka vizuri. Tangu baba afariki, Mama hajakubali kupigwa picha. Kwenye harusi anageuza uso; kwenye sherehe yoyote anakumbuka kitu jikoni. Tukizidi kumsumbua anasema, "Leteni lenzi ya baba yenu, nitakaa." Alisema hivyo akijua imepotea. Sasa Jumapili alikuwa anahamia kwa kaka yetu mkubwa, safari ya ndege mbili, na miguu yake haikuwa tena ya kwenda na kurudi. Kama tusingempiga picha wiki hiyo, tungebaki na ile picha ya kitambulisho tu, ambayo ndani yake Mama amefanana na mtu anayetafutwa na polisi.

"Nifanyie pete ya kuiunganisha na kamera yangu," dada akasema. "Pete tu, kaka."

Hiyo "tu" ndiyo inayoniua. Lenzi ile ilizoea sanduku kubwa la mbao, lile la kuvuta mbele na nyuma. Kamera za kidijitali za siku hizi ni nyembamba, na lenzi inataka kukaa mbali nazo, karibu shubiri nzima. Ikisogea kidogo tu, pua inaonekana vizuri na macho yanafifia. Kwa hiyo haikuwa pete. Yalikuwa mabomba mawili ya alumini, moja likizunguka ndani ya jingine kwa nyuzi za skrubu ili lenzi isogezwe mpaka picha ikae sawa.

Kamera yenyewe hakuniachia, eti ana kazi. Aliniletea vipimo kwenye karatasi. Bomba la kwanza halikuingia. Nikamuuliza alipimia nini, akatoa rula ya mwanawe, imetafunwa mwanzo mzima. La pili liliingia, lakini kila kitu kilikuwa ukungu, kwa sababu urefu nao ulitoka kwenye rula ileile. La tatu nilipima mwenyewe, kamera nimeikalia ili asiondoke nayo. Kila mara niliishika ile lenzi nikautazama ukuta, na Mungu ndiye aliyenizuia mkono.

Ijumaa mchana bomba lilikaa sawasawa. Nikaona niisafishe lenzi pia, maana ukingoni mwa kioo palikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya mchele. Pamba, spiriti, dakika mbili, doa likatoka. Chini yake kioo kilikuwa kimemeguka kidogo. Sikujali. Nilikuwa nimechoka na familia yangu.

Jumamosi asubuhi Mama alikaa kwenye kiti kando ya dirisha, amenuna. Dada akapiga. Akakaza bomba, akapiga tena. Kila picha ilitoka imepauka, Mama kama amekaa ndani ya mvuke wa sufuria.

"Bomba lako linavuja mwanga," dada akasema.

"Bomba langu halivujishi hata maji. Hiyo kamera yako ndiyo mbovu."

"Kaka, ungekereza kama watu wengine—"

"Leteni hapa," Mama akasema.

Akaichukua lenzi, akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kama anatafuta uzi uliochomoka kwenye nguo.

"Nani amefuta wino?"

Nikasema nilidhani ni uchafu.

"Uchafu," Mama akarudia. "Hapa niliivunja mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwezi mzima baba yenu anapiga picha za maharusi wa watu, mimi mkewe hata moja. Nikaitupa ukutani."

Dada akakaa chini.

"Hakunigombeza. Alichukua wino, akajaza pale palipomeguka, mwanga usitawanyike. Kesho yake mtu wa kwanza kupigwa picha nilikuwa mimi. Mji huu mzima umepigwa picha kupitia hasira zangu, na hakumwambia mtu."

Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu utotoni. Wiki nzima nilikuwa nimelalamikia rula, na kumbe mkono ulioharibu ulikuwa wangu.

Dada alileta wino na kijiti cha kiberiti. Nikanyoosha mkono, maana hiyo ni kazi ya fundi. Mama akaupiga kofi. Akapaka mwenyewe, na akapaka zaidi ya ilivyohitajika. Nilitaka kumwambia. Nikamshikia chupa ya wino.

Nikaifunga tena lenzi kwenye kamera, Mama akarudi kwenye kiti, amenuna vilevile. Dada akachungulia. Mvuke ulikuwa umekwisha.

"Wewe," Mama akaniambia bila kugeuza kichwa. "Wiki hii ulitaka kuitupa mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama."

"Nilijua. Baba yako hakuwa na hasira. Hizo umezichukua kwangu." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akacheka mbele ya kamera.

Dada alikuwa tayari amebonyeza.