Mjane wa Barasa na Baiskeli

Majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi kando ya barabara ya Washwood Heath, huku kwa Waingereza, asubuhi ile basi lilipompita Angeline tena, limejaa pomoni, dereva kakaza macho mbele kana kwamba pale kituoni hapakuwa na mtu. Mvua ilikuwa ile isiyonyesha wala kukatika, inayomganda mtu tu shingoni. Angeline alikuwa akienda zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwatunza, na kuchelewa alikuwa ameshachelewa. Akasema kwa sauti, kwa vile hakudhani kuna wa kumwelewa:

"Basi hili lina laana."

"Laana iko kwa basi," sauti ikamjibu kutoka barabarani. "Miguu yako iko na nini?"

Aligeuka. Mama mmoja wa Kikalasinga, mwenye mvi na shalwari iliyofungwa kifundoni kwa mpira ili isinaswe na mnyororo, alikuwa amesimama kwenye taa nyekundu juu ya baiskeli ya kijani. Jina lake Kulwinder. Alizaliwa Kisumu, baba yake akiuza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kaunta ya duka, hakijabadilika tangu alipoondoka akiwa msichana. Kabla taa haijawaka kijani alikuwa amekwisha kumwambia Angeline kwamba kila Jumamosi anafundisha akina mama kuendesha baiskeli katika bustani ya Ward End, na kwamba baiskeli za kujifunzia zipo.

"Mimi ni mtu mzima," Angeline alisema.

"Mimi iko mtoto?" Kulwinder aliuliza, na akaenda zake.

Angeline alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe, Barasa, alizikwa Machi mwaka ule, na tangu hapo maisha yake yalikuwa kazini, kanisani na nyumbani. Alipokuwa msichana huko Bungoma, kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kuosha baiskeli ya kaka yake. Aliisugua mpaka rimu zikang'aa, akaitia mafuta, kisha akamkabidhi mwenyewe aipande. Baba yao alisema baiskeli humharibu msichana. Inavyomharibu hakueleza, na nyumba ile haikuwa ya kuuliza maswali.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Ward End, akijiambia anakwenda kutazama tu.

Kutazama kulimfikisha kwenye tandiko. Kulwinder alishika kiti kwa nyuma, akamwambia aangalie ule mti wa mbali, asiangalie miguu. Angeline akaangalia miguu, akaenda mrama hadi kwenye nyasi. Akarudia. Akaenda mrama tena. Alipofika nyumbani mapaja yalimuuma hata ngazi akapanda akishikilia ukuta, na mwanawe Xavier, aliyezaliwa hapa na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, akamuuliza kama ameanguka bafuni.

"Nilikuwa naendesha baiskeli," alisema, na akashangaa jinsi maneno yale yalivyokuwa matamu mdomoni.

Oktoba yote alikwenda. Alijifunza kuanza kwa mguu wa kulia, kukata kona bila kufumba macho, kushika breki ya nyuma kabla ya ile ya mbele. Kisha, Jumamosi moja yenye jua la uongo, akapita juu ya majani yaliyolowa. Gurudumu likateleza, naye akatua kwa mkono. Mfupa haukuvunjika, lakini kifundo cha mkono kilivimba, na daktari akamfunga bendeji na kumpa mapumziko kazini. Xavier, kwa woga wake, akampigia simu baba yake mkubwa.

Cleopas, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye mzee wa ushirika wao wa Wakenya uliokuwa ukikutana Jumapili kwa ibada kwenye ukumbi wa kukodi kule Saltley. Alikuja jioni ileile, akaketi kwenye kiti cha Barasa, akanywa chai, akamaliza, ndipo akasema.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, shemeji."

"Sikuomba pole."

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Cleopas aligeuzageuza kikombe. "Kwamba mwaka haujaisha tangu tumzike ndugu yangu, na mkewe yuko bustanini na suruali, amepanua miguu juu ya baiskeli, anacheka. Ulionekana ukicheka."

"Nilicheka kweli."

"Wewe ni mjane, Angeline."

"Aliyekufa ni Barasa," alisema. Hakupandisha sauti. "Mimi nilimuuguza, nikamfunga macho, nikamlilia, na bado namlilia nikiwa peke yangu jikoni. Lakini mimi sikufa. Mngetaka nikae kama niliyekufa, mngenizika naye."

Xavier, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatazama sakafu. Cleopas akainuka, akavaa koti lake taratibu. Akasema kwamba basi, mpaka atakapoliacha jambo hilo, asiongoze nyimbo za akina mama. Magdalene, mwimbaji mwenzake, angeongoza.

Hilo lilimchoma kuliko mkono. Alikuwa ameongoza nyimbo zile tangu ushirika ulipokuwa familia chache sebuleni mwa mtu. Jumapili iliyofuata alikaa nyuma na kumsikia Magdalene akianza kwa sauti ya juu mno, akina mama wakimfuata kwa taabu, naye akainama asionekane uso. Novemba ikaingia, saa zikiwa zimesharudishwa nyuma kwa majira ya baridi, giza likawa linaanguka alasiri kama pazia. Mkono ulipona. Jumamosi zikapita, na Angeline hakwenda Ward End. Xavier alidhani yamekwisha, akafurahi, akamnunulia glavu za sufu.

Kulwinder ndiye aliyekuja, na bakuli la dengu mikononi. Hakuuliza habari za mkono. Alisikiliza kisa chote cha Cleopas mpaka mwisho, akitafuna karafuu.

"Watoto yangu," alisema, "walifungia baiskeli yangu ndani ya stoo. Walisema mama utavunjika nyonga. Waliweka kufuli kubwa."

"Ukafanyaje?"

"Nilivunja na nyundo. Halafu nilinunua kufuli ingine mimi mwenyewe. Sasa ufunguo iko kwangu."

Angeline alicheka mpaka akashika mbavu. Jumamosi ile akazivaa glavu za Xavier na kwenda tena Ward End kujifunza.

Jumapili ya pili ya Desemba kulipambazuka na jalidi. Paa za magari zilikuwa nyeupe na kila mtu aliyepita alitoa moshi mdomoni. Xavier alisimama kwenye ngazi akimtazama mama yake akivaa suruali nzito chini ya gauni lake la kitenge, lile alilovaa Pasaka. Alianza kusema jambo, akaliacha, akaenda kumjazia magurudumu upepo. Sasa alikuwa na baiskeli yake mwenyewe, ya mtumba, aliyoichagua pamoja na Kulwinder kwa fundi mmoja huko Digbeth.

Akina mama walikuwa mlangoni mwa ukumbi alipofika, pua imeganda na machozi ya baridi mashavuni. Cleopas akatoka.

"Weka hicho kitu nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Watu wasikione."

Angeline akaiegemeza baiskeli ukutani kando kabisa ya mlango mkuu, akaifunga kwa mnyororo, akaingia. Akaketi benchi la mbele. Magdalene alipoanzisha wimbo, Angeline aliimba kwa kifua chote, bila kuongoza na bila kujificha, mpaka Magdalene mwenyewe akaishusha sauti yake ikakutana na ya Angeline.

Ibada iliisha giza likikaribia. Cleopas alimfuata nje, funguo za gari mkononi.

"Ingia garini. Hiyo nitaitia nyuma."

"Asante, shemeji. Nina taa."

Akawasha taa, akaondoka. Hakufika mbali kabla mwanga mkubwa haujamwangukia mgongoni. Lilikuwa gari la Cleopas, likimfuata polepole, na magari mengine yamejipanga nyuma yake yakipiga honi. Hivyo ndivyo walivyoingia barabara ya Alum Rock, mbele ya maduka ya vitambaa na matunda, watu wakisimama na mifuko yao kutazama. Kama shemeji yake alikuwa akimlinda au akimwaibisha, Angeline hakujua, na pengine Cleopas naye hakujua. Hakugeuka kutazama. Alikaa katikati ya njia yake, akapiga pedali kwa mwendo wake, hata honi zilipozidi.

Karibu na kwake upo ujia mwembamba kati ya nyumba, wenye nguzo za chuma zinazozuia magari. Angeline akanyoosha mkono wa kulia, ule uliokuwa umevimba, kuonyesha anakokwenda. Akapita kati ya nguzo. Nyuma yake gari likasimama.

Uongozi wa nyimbo hakurudishiwa Krismasi ile, na hakuuomba. Lakini asubuhi iliyofuata Jumapili ile basi lilikuja tupu kabisa, milango ikafunguka mbele ya kituo. Yeye, juu ya baiskeli yake, alikuwa amekwisha kulipita.