Mtu wa Chafya

Jaafar alipokufa aliacha pengo kabatini. Alilitengeneza mwenyewe, wiki chache kabla, siku aliyovitoa vikombe vya harusi vya mkewe kimoja kimoja, akavifunga kwa magazeti na kuvisukuma chini ya kitanda. Husna alimkuta amechutama mbele ya kabati la vyombo na futi ya fundi cherehani aliyoiazima kwa jirani.

“Unapima nini hapo?”

“Sanduku,” akajibu bila kugeuka. “Lina upana kama huu. Likifika sitaki kuanza kuhangaika pa kuliweka.”

“Na vikombe vyangu?”

“Vikombe vyako toka tuoane vinatazamwa tu. Sasa navyo vipumzike.”

Husna alinuna mpaka magharibi, na haki yake. Maana sanduku lenyewe halikuwako. Wenye kulitoa, huko Ulaya, walikuwa wametangaza tu kwamba litatoka: konseti zote za okestra moja ya zamani, zilizorekodiwa ukumbini mbele ya watu, zikusanywe pamoja kwa mara ya kwanza katika sidii, na sauti isafishwe upya. Tangazo hilo lilimkalisha Jaafar kitako. Alizunguka nalo Msambweni nzima akiwaeleza watu waliokuja kununua samaki wao na kwenda zao.

Okestra ya Wazungu na mtu wa Msambweni, wapi na wapi? Hata ndugu zake waliuliza hivyo. Jibu ni kwamba Jaafar alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika hoteli moja ya Diani, ambayo sasa imefungwa na popo wamehamia. Meneja wa hapo alikuwa na kanda moja tu aliyoiona inafaa kusikilizwa na mtu anayekula, basi ikawa ni hiyo kila jioni, mwaka baada ya mwaka. Wahudumu wengine waliizoea hata wakawa hawaisikii. Jaafar aliisikia. Hoteli ilipofungwa, wenzake waligombania mashuka na masufuria, na yeye akaomba kanda.

Ndani ya kanda hiyo kulikuwa na mtu. Mahali fulani, fidla zote zikishanyamaza na filimbi moja ikianza peke yake taratibu, mtu mmoja ukumbini alipiga chafya. Ilikuwa chafya nene, ya mtu aliyeizuia kwa heshima mpaka ikamshinda. Na Jaafar, tangu siku zile za kubeba trei ya supu, alimjibu kama anavyojibiwa kila mtu: “Yarhamuka-llahu.” Mungu akurehemu.

Husna hakuupenda muziki huo hata siku moja. Kwake ulikuwa kama watu wengi wanaotafuta kitu kilichopotea ndani ya nyumba kubwa. Lakini mtu wa chafya walikuwa naye ndani kama mpangaji, na kwa ajili yake waligombana kila ilipopigwa kanda.

“Hakumshukuru Mungu,” Husna alikuwa akisema. “Apigaye chafya akasema alhamdulillahi ndiye wa kujibiwa. Madrasa tulifundishwa hivyo.”

“Kashukuru kwa lugha ya kwao. Ukumbi mkubwa ule, wewe utasikia wapi?”

“Na Mzungu yule, kwani Muislamu?”

“Kwani wewe unamjua?” Kisha Jaafar angeongeza, kwa sauti ya chini kidogo, “Na huenda keshakufa, maskini. Nani mwengine wa kumwombea rehema, ila mimi?”

Mwaka jana mashine iliitafuna kanda. Jaafar aliutoa utepe kwa vidole, umekunjana na kukatika sehemu kadhaa, akajaribu kuuunga kwa selotepu, isiimbe tena. Kwa hiyo sanduku lilipotangazwa hakuwa anangoja okestra peke yake. Alikuwa anamngoja mtu wake. Na neno moja katika tangazo lilimkosesha raha.

“Wanasema wamesafisha sauti,” alimwambia mkewe. “Wameondoa kelele zote. Unadhani watamwacha?”

“Chafya si kelele?”

“Ile si kelele, Husna. Ile ni mtu.”

Aliyelishughulikia agizo ni Virginia, mwanamke wa bara aliyefungua ofisi ndogo ya vifurushi pale Ukunda, ambaye husoma Kiingereza cha mtandaoni kama anayesoma bei ya nyanya. Jaafar alilipa, akawa anampigia simu mara kwa mara. “Mzee, hiyo box yako wameisogeza tena,” Virginia alimjibu. “Walisema mwezi huu, sasa ni ule mwingine. Lakini usijali, itakam.” Jaafar alizipokea habari hizo kwa furaha ya ajabu, kama kwamba kusogezwa nako ni sehemu ya muziki. Akaitengeneza redio ya sidii aliyopewa na mpwa wake, akaipangusa na kuifunika kitambaa. Kisha adhuhuri moja alilala kidogo baada ya chakula, asiamke.

Husna hakulia.

Tuseme kweli, jambo hilo liliwashughulisha watu kuliko maiti mwenyewe. Wanawake waliofika matangani walikaa mkekani wakimtazama macho, wakatoka wakinong’ona. Yeye mwenyewe alishangaa. Aliitikia amina kwenye kila dua, akauliza kama maji ya wageni yametosha, akakumbuka hata kurudisha futi ya jirani. Alijua mumewe amekufa, alilijua jambo hilo kama ajuavyo jina lake, ila lilikuwa halimfikii. Umewahi kuulalia mkono usiku? Unauona ni wako, unauinua kwa ule mwingine, na wenyewe haukuambii kitu. Ndivyo alivyokuwa Husna, mwili mzima.

Aliingia eda. Dada wa marehemu, Dama, alihamia kumsaidia na, kusema kweli, kumlinda. Dama ni mwanamke mwema mwenye mdomo usiopumzika. Alifua na kupika, akawaambia wageni wasikae sana, na kila jioni alimgeukia Husna na swali lile lile.

“Wifi, hujalia tu?”

“Bado.”

“Utakuja kupasuka. Mie nimemlilia kaka mpaka kifua kinauma.”

“Umefanya vyema, wifi.”

Dama akaguna, akaenda kuvitoa vikombe chini ya kitanda. Nyumba yenye kabati lililong’oka jino mbele ya wageni ilimtia haya. Alikuwa ameshafungua magazeti ya kikombe cha kwanza Husna aliposema, “Viache.”

“Paonekane wazi hivi?”

“Pana mwenyewe hapo.”

Ndilo neno kali pekee lililomtoka katika eda nzima. Dama akavifunga tena vikombe.

Siku moja simu ya marehemu ikalia. Alikuwa Virginia. Alimwamkia na kumpa pole, ndefu na ya kweli. “Mama, samahani sana. Ile box, wamesogeza tena. Sasa wanauliza kama bado mnaitaka ama wacancel, mrudishiwe pesa. Mimi nilisema acha nikuulize kwanza.”

Dama, aliyekuwa karibu, alitikisa kichwa kwa nguvu kuonyesha pesa zirudi. Husna alilitazama pengo. Hakuona sababu ya kulitaka sanduku, wala ya kulikataa. Kitu kimoja tu kilikuwa na uhai ndani yake, nacho kilikuwa kidogo: Jaafar alimwuliza kama watamwacha yule mtu, na hakupata jibu. Kama yumo, Husna alitaka kumjibu chafya yake, basi, zamu moja, kwa niaba ya mwenziwe. Pengine angesikia kitu.

“Tunangoja,” akasema.

Baada ya kuikata simu ndipo aliposikia kwamba amesema kama wapo wawili. Hata hilo halikumliza.

Sanduku lilifika eda ikielekea ukingoni. Virginia alilileta mwenyewe kwa bodaboda, amelipakata kama mtoto mchanga, jeusi, zito, lenye maandishi ya dhahabu. Alivua viatu mlangoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu ndani.”

“Ile konseti ya mzee nimeitafuta nikaipata. Alikuwa amenipa jina la ukumbi na mwaka, vile ilikuwa imeandikwa kwa ile kaseti. Nimebandika selotepu hapa juu, msihangaike kutafuta.” Akafuta macho kwa kiganja. Hata Virginia, ambaye si ndugu, alilia. “Alikuwa ananipigia, mama, mpaka nikasave jina lake Mzee wa Box.”

“Lakini miziki haipigwi nyumba ya eda,” akawahi Dama. “Watu watasemaje?”

“Haitapigwa,” Husna akasema.

Akalichukua sanduku mwenyewe, akalipeleka kabatini. Likaingia barabara, huku na huku isibaki hata nafasi ya kupitisha kidole. Dama alipoona hivyo aliketi palepale kwenye sakafu. “Kaka alipima,” akasema, “kaka alipima vizuri,” akajifunika uso kwa leso. Husna akamletea maji.

Tangu hapo sanduku lilikaa pale, na Husna akakaa mbele yake. Wageni walidhani anatazama ukuta. Kumbe alikuwa akiufuatisha kichwani ule muziki asioupenda, kadiri alivyoukumbuka, kuanzia fidla zinazotafutana mpaka zinaponyamaza na kuiachia filimbi. Hapo alikoma. Hakutaka kuisikia chafya kichwani. Aliogopa kwamba akiisikia huko atakuwa ameitumia, ikija ya kweli isimkute mtu.

Eda ilikwisha. Wanawake walikuja kumwogesha na kumvisha nguo mpya, nyumba ikafukizwa udi, pilau likaliwa. Walimtazama macho tena kwa mara ya mwisho, wakaondoka mikono mitupu. Kesho yake alasiri, Dama akiwa uani anakanda unga wa chapati, Husna alikifunua kitambaa juu ya redio. Akaitoa sidii yenye selotepu, akaitia, akaketi mkekani upande wake wa siku zote, wa Jaafar akauacha wazi.

Makofi yalianza. Kisha muziki, na kwa kweli ulikuwa msafi. Katika kanda fidla zilisikika kama zimefunikwa blanketi, na sasa ungedhani ziko sebuleni. Zamani nyuma ya muziki kulikuwa na mvumo, na viti vikilia, na watu wakijikohoza. Husna alikuwa akidhani ndivyo muziki wenyewe ulivyo. Hakusikia kiti wala kikohozi. Akalitambua hilo, na halikumgusa. Aliendelea kungoja kwa uchovu, mikono mapajani.

Fidla zikatafutana, zikapungua, zikabaki chache, zikanyamaza. Filimbi ikaanza, peke yake, taratibu. Husna akainua uso. Kidole cha Jaafar kilikuwa kikisimama hapa, cha shahada, kumwonya kwamba mtu wao anakaribia. Filimbi ikapanda, ikashuka, ikashika pumzi pale pale inapoishika.

“Yarhamuka-llahu,” Husna akasema.

Filimbi iliendelea. Neno lilikuwa limemtoka lenyewe, kwa mazoea, na lilipokwisha kumtoka ndipo alipotambua kwamba halikuwa na wa kumjibu. Hapakuwa na chafya. Walikuwa wamemfuta. Walimwona ni uchafu wakampangusa, vizuri, hata alama yake isionekane, na mahali pake palikuwa kimya kama upande ule wa mkeka. Jaafar alikuwa amepata jibu lake.

Mungu akurehemu, alikuwa amesema. Aliligeuza neno mdomoni. Miezi yote hii wengine walikuwa wakimwombea Jaafar rehema na yeye akiitikia amina tu, kama anayepokezana ndoo. Kwa kinywa chake mwenyewe hakuwa amemwombea hata mara moja. Kumwombea kulimaanisha kwamba amekufa. Na sasa amemwombea.

“Nani kaenda chafya huko?” Dama akauliza kwa sauti kutoka uani.

Husna alitaka kusema hakuna mtu.

“Kakako,” akasema, na hapo sauti ikamkatika.

Dama alitokea mlangoni, mikono imejaa unga. Alimkuta wifi yake ameinamia upande ule mtupu wa mkeka akilia kwa kelele, mdomo wazi, machozi na kamasi, bila hata kujifuta. Akaitazama redio. Akalitazama sanduku kabatini. Hakusema izimwe, wala hakuuliza watu watasemaje. Akaja akaketi karibu naye, akamkumbatia na unga wake vile vile.

“Yarhamuka-llahu,” Dama akasema.